Kuomba Adhabu Ipunguzwe kwa Waliopinga bila Silaha



Kijana wetu akikamatwa kwa sababu ya maandamano, tunakimbia huku na huku: tunatafuta avoka, tunapiga simu, tunaandika matangazo. Lakini siku mahakama inaposema "ana hatia", wengi tunanyamaza kana kwamba mambo yamekwisha. Hayajaisha. Kati ya adhabu ya miaka miwili na ya miezi sita kuna mwaka mmoja na nusu wa maisha ya kijana huyo, na wa mama yake anayebeba chakula hadi mlango wa gereza. Somo letu linahusu kazi hiyo: kuomba adhabu ipunguzwe kwa mtu aliyepinga jambo bila kumdhuru yeyote.

Tuanze na jirani zetu wa Goma. Tarehe 7 mwezi wa pili 2016, timu yetu ya taifa ilishinda kombe la CHAN mjini Kigali, na nchi nzima ikashangilia. Siku chache baadaye vijana sita wa LUCHA waliandaa bango lililosema, kwa ufupi, kwamba mwaka huo tulihitaji ushindi mwingine: Katiba iheshimiwe. Bango lilikuwa la tarehe 16, siku ya "mji mfu", ambapo watu waliombwa wafunge maduka na wabaki nyumbani. Kabla ya kupambazuka polisi waliwakamata. Tarehe 24 walihukumiwa miaka miwili kwa kujaribu kuchochea watu wasitii mamlaka. Avoka wao walikata rufaa, mashirika ya haki za binadamu yakapaza sauti, na tarehe 4 mwezi wa tatu mahakama ya rufaa ikashusha adhabu hadi miezi sita. Mwezi wa saba Rais Kabila akawapa msamaha. Mmoja wao, Rebecca Kabugho, alipewa mwaka 2017 tuzo ya Marekani ya wanawake jasiri.

Angalieni tarehe hizo. Toka hukumu ya kwanza hadi ya pili hazikupita hata siku kumi. Sheria yetu inatoa siku 10 tu za kukata rufaa katika kesi ya jinai. Kikundi kinachoanza kukusanya saini baada ya wiki mbili kimeshachelewa.

Sheria yenyewe inatufungulia njia. Kanuni ya adhabu, kitabu cha kwanza, inasema katika kifungu cha 18 kwamba zikiwapo sababu za kupunguza, hakimu anaweza kushusha kifungo na faini kwa kiasi anachoona yeye. Kifungu cha 19 kinaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: hukumu inayokubali sababu hizo lazima izitaje moja moja. Maana yake, hakimu anahitaji vitu vya kuandika. Ukimpa machozi tu, hana cha kuandika. Ukimpa cheti kinachoonyesha kwamba mshitakiwa ni mwanafunzi, karatasi ya daktari, au ushuhuda wa mkuu wa mtaa kwamba huyu hajawahi kuhukumiwa, ana cha kuandika. Ikiwa waandaaji walitimiza kifungu cha 26 cha Katiba kwa kuiarifu serikali kwa maandishi, basi nakala ya barua ile, yenye muhuri wa kupokelewa, ina thamani kuliko saini mia moja.

Wengine wanatuuliza: kuomba huruma si kukubali kwamba kijana amekosa? Avoka mzuri anajua kupanga. Kwanza anaomba mteja wake aachiliwe kwa sababu hakutenda kosa. Kisha, kama ombi la akiba, anasema: mahakama ikiona kuna hatia, basi itazame sababu hizi. Ombi la pili halifuti la kwanza. Barua zetu nazo zifuate mpango huo. Ziseme ukweli wa tendo (alibeba bango, hakubeba jiwe), zieleze maisha ya mtu na nani atampokea akitoka. Zisimtukane hakimu wala zisiwe hotuba ya chama. Na zipitie kwa avoka ziingie katika faili. Barua inayopelekwa nyumbani kwa hakimu, hata bila bahasha nyingine ndani, inanuka rushwa, na itamdhuru mfungwa.

Sasa tuangalie mbali kidogo, kwa kesi inayotugusa kuliko tunavyodhani. Uraniamu ya bomu la Hiroshima la mwaka 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, katika Katanga, na ilisafishwa Oak Ridge, Marekani. Huko Oak Ridge, mwezi wa saba 2012, watu watatu walikata nyua usiku na kufika kwenye ghala la uraniamu. Walimwaga damu ukutani, wakaandika maneno ya amani, wakaimba, wakangoja kukamatwa. Mmoja alikuwa mtawa wa miaka 82, Sista Megan Rice, aliyefundisha miaka mingi Nigeria na Ghana. Barua nyingi za kuomba huruma zilimfikia jaji. Mwezi wa pili 2014 alimpa sista miezi 35 na wenzake wawili miezi 62 kila mmoja, pungufu kuliko waendesha mashitaka walivyotaka. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilifuta hatia ya hujuma, nao wakaachiliwa.

Lakini siku ya hukumu Sista Megan mwenyewe alimwomba jaji asimhurumie. Kwake kubaki gerezani ilikuwa sehemu ya ushuhuda wake. Hapo ndipo tunapojifunza la maana: kabla ya kuandika hata mstari mmoja, muulizeni mfungwa anataka nini. Mama yake anaweza kutaka arudi leo, na kijana akakataa huruma ya wale anaowapinga. Hatuna haki ya kumsemea. Tunaweza kukaa na wote wawili, tukawasikiliza, mpaka waelewane.

Msamaha wa rais, kwa kifungu cha 87 cha Katiba, unaweza kufuta adhabu, kuibadilisha au kuipunguza. Haufuti hukumu yenyewe. Hilo linahitaji sheria ya amnestia. Mwambieni mfungwa mapema, asije akashangaa anapotafuta kazi.

Toka mwezi wa kwanza na wa pili 2025, Goma na kisha Bukavu yetu zilipoingia mikononi mwa AFC/M23, mahakama na magereza hapa hayafanyi kazi kama zamani. Kwa hiyo njia za sheria tulizoeleza zinawafaa kwanza wenzetu walioko pale ambapo mahakama za serikali zinaketi. Kwetu, kazi ya kuweka vyeti, majina na tarehe mahali salama inaendelea.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

Nani kati yetu anaweza kumfikia avoka ndani ya siku tatu baada ya hukumu, na nauli itatoka wapi?

Mfungwa akikataa tusimwombee huruma, tutamwambia nini mama yake?