SOMO: PAJA LA NGURUWE KWA SIKUKUU YA KRISMASI



Krismasi inakaribia, na nyumba nyingi za Wakristo hapa Kilosa na Mikumi zitanunua nyama ya nguruwe. Wengine humwita kitimoto, wengine mbuzi katoliki, ingawa sisi Waanglikana nasi hatuchelewi mezani. Leo tujifunze kuoka paja lake kwa asali, pamoja na yale yatupasayo kujua kabla ya kuwasha moto.

Desturi hii ilianza Ulaya kwa sababu ya majira. Nguruwe alichinjwa baridi ilipoanza, paja likalazwa katika chumvi na kufukizwa moshi ili lidumu miezi. Sisi hatuna baridi hiyo. Joto la Desemba huharibu nyama mbichi kwa saa chache tu. Asiye na jokofu asijaribu kulaza paja katika maji ya chumvi. Anunue asubuhi na kupika siku hiyo hiyo.

Nunua penye mhuri wa Bwana Mifugo, tena itazame nyama wewe mwenyewe. Ukiona vijifuko vyeupe kama punje za mchele, iache, hata ikiwa bei ni ya kutupa. Hao ni watoto wa tegu. Mtu akila nyama hiyo kabla haijaiva, tegu hukua tumboni mwake. Lakini wengi hawajui kwamba kifafa kiletwacho na tegu (wala si pepo!) hakitokani na kula nyama. Hutokana na mayai ya tegu yatokayo katika choo cha mtu mwenye tegu, yakaingia kinywani kwa mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa, na watoto wake wakafika ubongoni. Basi jirani yetu Mwislamu, asiyemgusa nguruwe maisha yake yote, aweza kuugua kwa ajili ya nguruwe wetu wanaozurura na vyoo vyetu vibovu. Tunapenda sana kusoma Matendo 10, maono ya Petro. Tusome na Warumi 14, Paulo anapotukataza kumharibu ndugu kwa chakula chetu. Yeye alisema juu ya dhamiri; mimi naona choo nacho kimo humo.

Kwa hiyo nguruwe afungiwe bandani. Ndugu wa Mikumi wana sababu ya pili: ngiri wa hifadhini hubeba homa ya nguruwe bila kuugua, na kupe huihamisha. Haimpati mtu, lakini humaliza banda zima.

Sasa mapishi. Twaa paja la kilo 3, lioshe, ulitie sufuriani pamoja na maji ya kulifunika, chumvi vijiko 2 vya chakula, kitunguu na tangawizi iliyopondwa. Likichemka, punguza moto, uliache saa 2 na nusu. Choma kisu mpaka mfupani: maji yakitoka mekundu, rudisha motoni. Likiiva, chuna ngozi lakini acha mafuta. Yachore kwa kisu mistari ya kukatizana, na kila penye njia panda chomeka karafuu moja.

Changanya asali nusu kikombe, maji ya chungwa moja na siki kijiko kimoja. Asiye na asali atumie sukari ya Kilombero. Paka nusu yake, weka paja katika sufuria kavu juu ya vijiwe safi, funika, tia makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Baada ya dakika 20 paka iliyobaki, ngoja dakika 20 nyingine. Usipake mapema, maana sukari huungua upesi na kuwa chungu.

Ukiwaalika majirani Waislamu, mwombe mmoja wao akuchinjie kuku, nawe umpike katika sufuria ambayo haijapata kuingia nguruwe, kwa kisu na mwiko wake. Waambie wazi kilichomo katika kila chombo kabla hawajanawa. Nyama ikibaki jioni, igawe. Mfupa uchemshe usiku ule ule pamoja na maharage.