Ukitoka kwenye seva, kazi iendelee

Uko Kabezi, umeunganisha laptopu kwa intaneti ya simu, na kwenye seva iliyoko Ulaya umeanzisha kazi ya kubana video itakayochukua saa sita. Mara umeme unakatika, au inabidi upande basi kwenda Rumonge kuchukua mawese. Ukirudi unakuta kazi imekufa. Wala seva haikuzimika, ni njia yako tu iliyokatika.

Kwa nini basi ife? Seva ni kompyuta ya kukodi inayowaka usiku na mchana. Unaingia ndani yake kwa ssh, njia salama ya kuipa amri kompyuta iliyo mbali. Programu unayoianzisha humo inakuwa chini ya kikao chako, na kikao kikivunjika inapelekewa ishara kwamba laini imekatika. Programu nyingi zikiipata ishara hiyo hufa papo hapo. Utaratibu huu ulianza enzi za kuingia kwenye kompyuta kwa simu za waya.

Dawa yake ni tmux, programu ya bure inayokaa ndani ya seva na kukushikia kikao. Kama seva yako ni ya Ubuntu au Debian, iweke hivi:

sudo apt install tmux

Kisha fungua kikao na ukipe jina lolote:

tmux new -s video

Ukiona mstari wa kijani chini ya skrini, umeshaingia. Anzisha kazi yako kama kawaida. Wakati wa kuondoka, bonyeza Ctrl na b kwa pamoja, achia, halafu bonyeza d peke yake. Hapa wengi huteleza: wanaandika exit, na kikao kinafungwa chote. Mtandao ukikatika wenyewe kabla hujaaga, usijali, kazi inaendelea. Ukirudi, ingia tena kwa ssh na uandike:

tmux attach -t video

Kama umesahau jina, tmux ls itakuorodheshea vikao vyote.

Na kama kazi ulishaianzisha bila tmux? Bonyeza Ctrl na z ili isimame, andika bg iendelee nyuma ya pazia, kisha disown ili iachane na kikao chako. Ni njia ya dharura tu, maana hutaweza tena kuona inachoandika.

Kwa kazi isiyouliza maswali, amri ya nohup inatosha:

nohup ./kazi.sh > kazi.log 2>&1 &

Matokeo yataingia kwenye faili la kazi.log, utayasoma ukipata nafasi. Mimi bado naipenda zaidi tmux, kwa sababu kazi ikikwama katikati unaweza kuijibu.

Gharama ziko kwenye seva: ndogo hukodishwa kwa kama dola 5 kwa mwezi, na mara nyingi hulipiwa kwa kadi ya benki inayokubalika nje ya nchi. Data utakayotumia ni kidogo, kwani kwa kazi ya namna hii ssh hubeba maandishi tu, na faili ambalo seva inalipakua haligusi kifurushi chako. Hata laptopu si lazima. Kwenye simu ya Android weka programu ya Termux, andika pkg install openssh, na ukiwa ndani ya basi pale Magara utaweza kuchungulia kazi imefika wapi.

Seva yenyewe ikizimwa na kuwashwa upya, tmux haiponi. Kwa kazi inayotakiwa kuanza tena yenyewe, andika crontab -e na uongeze mstari huu, ukiweka jina lako la kuingilia:

@reboot /home/jina/kazi.sh

Kuna pia seva chache zilizopangwa kuua kila kitu chako ukitoka, tmux ikiwemo. Ikikutokea, andika mara moja tu:

sudo loginctl enable-linger jina

Kisha kila mara ufungue kikao hivi:

systemd-run --user --scope tmux new -s video