Nimewaandikia wengi, yangu imenishinda

Shangazi, naishi Kawangware. Kwa miaka kadhaa nimejikimu kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao. Nimeandika tafakuri za wauguzi na walimu, wakapata alama nzuri. Sasa mimi mwenyewe nasomea stashahada ya ushauri nasaha, masomo ya jioni, katika chuo kimoja mjini. Tuliambiwa tuandike tulichojifunza. Mhadhiri amenirudishia yangu akisema imeandikwa vizuri lakini mimi sionekani humo. Nimejaribu tena, nimeshindwa. Nifanyeje?

Mwanangu, mhadhiri wako amekutendea wema. Angeweza kukupa alama akanyamaza.

Nadhani unafuata ule muundo wa kuandika tafakuri wa Graham Gibbs wa 1988: tukio, hisia, uzuri na ubaya wake, sababu, funzo, na utakachofanya siku nyingine. Hauna ubaya wowote. Ila wewe umezoea kuujaza kwa mambo ya kubuni. Muuguzi uliyemwandikia hukumjua, wala mgonjwa wake hukumwona, basi ukampa hofu inayotarajiwa, kosa dogo lisilomwaibisha, na funzo la kumpendeza msahihishaji. Leo ukiandika "mimi", anayejitokeza ni mtu yule yule wa wateja wako.

Kwa hiyo usianze na "nimejifunza umuhimu wa kusikiliza". Bila shaka darasani mmewahi kukaa wawili wawili, mmoja akieleza yanayomsibu, mwingine akisikiliza. Ni wapi ulipomkatiza mwenzako ukampa suluhisho kabla hajamaliza? Ulitamka maneno gani hasa? Alinyamaza, au alikubali tu ili yaishe? Yaandike hayo kwanza, kwa Sheng au lugha ya mama ikiwa ndivyo yanavyokujia. Kiingereza cha chuo kitafuata. Siri za mwenzako usiziguse. Andika yaliyokupata wewe.

Kisha nenda pale ulipokwama. Mwanasaikolojia Carl Rogers alifundisha kwamba mshauri amkubali mteja bila masharti. Je, unaweza kumkubali hivyo mzazi anayewaumiza wanawe, pengine kama jirani uliyemsikia kupitia ukuta wa mabati? Ikiwa fundisho hilo lilikutatiza, sema lilikutatiza wapi, na kama bado linakutatiza, liache hivyo hivyo kwenye karatasi. Hakuna aliyekuambia kila swali lazima lifungwe.

Kuhusu kazi yako ya kuwaandikia wanafunzi wengine hukuniuliza, lakini siwezi kuipita. Mwaka 2022 England ilipitisha sheria ya kuharamisha biashara hiyo. Filamu ya The Shadow Scholars ya 2024, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford hadi kwa waandishi wa hapa Kenya, imewaonyesha vijana wenye akili nyingi wanaosomea watu wengine shahada. Inaniuma kwamba kipaji chako kinalipa kodi ya nyumba kwa kujificha. Tafuta njia ya kutoka, hata kama ni polepole. Usiliandike jambo hilo kwenye tafakuri kabla ya kuzungumza na mtu unayemwamini, kwani chuo kinaweza kulichukulia kwa uzito.

Kwa sasa mwombe mhadhiri siku chache zaidi, umpelekee aya ile moja ya mazungumzo na mwenzako, umuulize kama sasa anakuona.