Wewe unayechomelea bodi za malori, yalinde macho na mapafu yako

Saa nane za usiku, kijana mmoja aliletwa katika zahanati yangu akiongozwa mkono na mamake kama kipofu. Macho yake yalikuwa mekundu, machozi yakimtiririka, na hangeweza kuyafumbua hata mbele ya taa ya kawaida. "Daktari, ni kama mtu amenimwagia mchanga machoni," aliniambia. Mchana huo alikuwa akimshikia fundi vyuma vya bodi ya lori vikichomelewa. Mashine yenyewe hakuigusa. Alisimama tu kando, akiwa amevaa miwani ya jua.

Kijana huyo alipona baada ya siku mbili. Fundi mwingine aliyenijia majuma machache baadaye hakuwa na bahati hiyo, nami nitamrudia hapo mbele.

Mpenzi msomaji, huenda wewe ni fundi wa jua kali, au una ndugu anayefanya kazi hiyo kule Kariobangi Light Industries, au una lori unalotaka litengenezewe bodi mpya, kitanda cha dereva na taa za ndani. Leo tutaifuata kazi hiyo hatua kwa hatua, tuone mwili hudhurika wapi na jinsi ya kuukinga.

MWANGA USIOONEKANA

Moto wa kuchomelea kwa umeme hutoa miale ya urujuanimno ambayo jicho haliioni. Miale hii huunguza ngozi nyembamba iliyofunika konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Wakati huo mtu hahisi lolote. Uchungu huanza muda wa saa 6 hadi 12 baadaye, na ndiyo sababu wengi huamshwa nao usiku.

Miwani ya jua haitoshi kabisa. Haikuundwa kwa mwanga wa kiasi hicho, na tena huacha miale ipite pembeni. Fundi anahitaji kofia inayofunika uso wote, yenye kioo cheusi cha namba 10 au zaidi kwa uchomeleaji wa kawaida wa umeme. Msaidizi wake pia anahitaji kofia kama hiyo, la sivyo ageuke na kukaa mbali moto unapowashwa.

Ukipatwa na tatizo hili, kaa katika chumba chenye giza, weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope, na umeze dawa ya kawaida ya maumivu. Usiyasugue macho. Usitie maziwa, chai wala dawa ya jirani. Zaidi ya yote, usinunue dawa ya matone ya kutia ganzi ili uitumie nyumbani. Huondoa uchungu upesi, lakini ikitumiwa mara kwa mara huzuia konea isipone na huweza kuacha kovu. Kwa kawaida maumivu huisha kati ya saa 24 na 48. Yakizidi hapo, au ikiwa ni jicho moja tu linalouma, mwone daktari, kwani huenda kuna kitu ndani.

MOSHI NA "MALARIA" YA JUMATATU

Mabati mengi ya bodi yamepakwa zinki ili yasishike kutu. Yakichomelewa, zinki hiyo hugeuka moshi mweupe. Saa chache baada ya kuuvuta, fundi huanza kuhisi baridi, kutetemeka, kuumwa na viungo, na kuwa na ladha ya chuma kinywani. Wengi hudhani ni malaria, wakameza dawa bila kupimwa damu. Kesho yake au siku ya pili wanapata nafuu, nao huisifu dawa hiyo kumbe homa imeisha yenyewe.

Mwili huuzoea moshi huu kwa siku chache, kisha huusahau wakati wa mapumziko. Kwa hivyo, homa huwa kali zaidi siku ya Jumatatu. Ukiona inafuata kazi yako namna hiyo, mweleze daktari ni kazi gani unayofanya.

Ninaulizwa mara nyingi kuhusu maziwa. Mafundi wengi huamini kwamba pakiti moja ya maziwa husafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni ilhali moshi umeingia mapafuni. Hayaukingi wala hayautoi. Yafaa ieleweke pia kuwa madhara ya moshi huu si ya siku mbili pekee. Mwaka wa 2017, wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliuweka moshi wa kuchomelea miongoni mwa vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Fanyia kazi mahali pa wazi, upepo ukipita ubavuni mwako, wala usijifungie ndani ya bodi. Kwangua zinki mahali utakapochomelea kabla ya kuwasha moto, na uvae barakoa iliyotengenezewa kuchuja moshi wa vyuma. Leso haizuii kitu. Aidha, usichomelee chuma kilichooshwa kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini. Joto huweza kuigeuza kuwa gesi ya sumu inayojaza mapafu maji saa kadhaa baadaye. Anayekosa pumzi baada ya kazi apelekwe hospitali mara moja.

KUSAWAZISHA VYUMA

Sasa nimrudie yule fundi wa pili. Alikuwa akisawazisha maungo ndani ya kebini kwa grainda. Jasho lilimsumbua, akavua miwani. Chembe ya chuma ikamwingia jichoni. Mwenzake akaitoa kwa kijiti cha kiberiti, naye akaendelea na kazi. Alikuja kwangu siku ya nne, jicho likiwa na kidonda cheupe katikati ya konea. Nilimtuma hospitali kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, lakini tulikuwa tumechelewa. Jicho lilibaki na kovu, na leo huona vivuli tu upande huo. Ana umri wa miaka 26.

Chembe ya chuma huanza kushika kutu ndani ya jicho kwa muda wa saa chache tu, nacho kijiti huingiza viini. Kitu kilichokwama kitolewe na mhudumu wa afya kwa kifaa safi. Ikiwa kilirushwa kwa kasi, na sasa huoni vizuri, usilioshe jicho wala kulibonyeza. Lifunike kwa kikombe kisicholigusa, uende hospitali. Na ikiwa umewahi kuingiwa na chuma jichoni, mwarifu mhudumu kabla ya kufanyiwa kipimo cha MRI, kwa maana mashine hiyo ni sumaku yenye nguvu nyingi.

Vaa miwani iliyofunga pembeni, na kifuniko cha uso juu yake. Usiondoe kinga ya grainda. Hakikisha kasi iliyoandikwa kwenye diski haipungui ile ya mashine, na usitumie diski nyembamba ya kukatia kusawazisha, kwani huvunjika na kuruka vipande. Ikiwa ni lazima upaze sauti ili mwenzako aliye karibu akusikie, basi masikio yako yanaumia. Yazibe kwa vifaa vyake.

Hali kadhalika, kusawazisha si urembo tu. Ukingo mkali ulioachwa kitandani au mlangoni utamkata dereva au utingo, na jeraha linaweza kuleta pepopunda. Wanaume wengi hawajachanjwa tena tangu utotoni, tofauti na akina mama ambao huchanjwa wakiwa wajawazito. Uliza katika kituo cha afya.

TAA ZA NDANI

Maliza kuchomelea na kusaga, ufagie vumbi lote la chuma, kisha ndipo upitishe nyaya na kuweka sponji. Cheche moja ikiangukia sponji ndani ya kebini huwasha moto wenye moshi wa sumu. Tenganisha betri kabla ya kuchomelea, kwani gesi yake huweza kulipuka na kurusha asidi. Asidi ikiingia jichoni, lioshe kwa maji safi mengi kwa dakika 20, kisha uende hospitali. Kila waya iwe na fyuzi karibu na betri, na kila tundu inapopita litiwe mpira ili ukingo wa chuma usiichune.

Kumbuka pia macho ya dereva. Jicho huchukua hadi nusu saa kulizoea giza kikamilifu, na mwanga mkali mara moja tu huharibu mazoea hayo. Taa inayong'aa kwenye kioo cha mbele humficha mtu anayevuka barabara. Weka taa hafifu, zilizofunikwa, na swichi yake peke yake. Taa za kumetameta ziepukwe: zinazowaka na kuzima kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde huweza kumletea kifafa mtu mwenye hali hiyo ya kusumbuliwa na mwanga.

Mwenye lori, nawe una wajibu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Kabla ya kukubaliana bei na karakana, angalia kama fundi na msaidizi wake wana kofia, miwani na barakoa. Kama hawana, viweke katika hesabu yako. Jicho halina spea.