Faida ya Jirani Asiyehama

Mtu wa Nyamasaria akiambiwa ya kuwa wako watu waliojitenga na dunia ili wasali usiku na mchana, huenda akauliza: "Hao watuletea faida gani?" Swali hilo ni la haki, wala si vema kulijibu kwa maneno matupu. Na tutazame Lumbwa, ambako siku hizi huitwa Kipkelion. Ukitoka Nyamasaria utapita uwanda wa Kano hadi Ahero, kisha utashika njia ya Muhoroni na kupanda milimani.

Mwaka 1956 watawa Watrapisti kutoka Tilburg, Uholanzi, walianzisha monasteri huko. Kanuni wanayoifuata iliandikwa na Mtakatifu Benedikto katika karne ya 6, nayo yawataka waishi kwa kazi ya mikono yao. Huamka kabla ya mapambazuko kusali, kisha hushika jembe. Yafaa ieleweke kwamba hawakuja kuendesha mradi wa maendeleo. Walilima kwa kuwa iliwapasa kula.

Lakini liko jambo jingine, nasi twaona ndilo kubwa. Mtawa wa namna hii huweka nadhiri ya kukaa na jumuiya yake mpaka kufa. Bwana shamba huhamishwa baada ya miaka michache. Mtaalamu wa mradi huondoka fedha zikiisha. Mtawa hubaki. Akiharibu udongo kwa kulima vibaya, ni yeye atakayeona njaa. Akipanda mti, ni yeye au nduguze watakaoukata. Kwa hiyo jirani aweza kumtazama mwaka baada ya mwaka, mavuno yakiwa mema au mabaya, kabla ya kuamua kuiga au kuacha. (Wakulima si wajinga; hawaigi jambo la msimu mmoja.) Tena kanuni hiyo yaamuru kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe.

Amri hiyo ilijaribiwa Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi. Mamia ya watu waliofukuzwa makwao walikimbilia kwenye monasteri ya Kipkelion, na hata hapo walishambuliwa. Mwaka huo huo watawa wenyewe walihama. Miaka 52 walikuwa wamekaa mahali pamoja, na kilichowaondoa hakikuwa ukame wala upungufu wa fedha. Walikwenda Kutaamba, upande wa Masaka nchini Uganda, wakaanza kujenga makao mapya kati ya majirani ambao hawakuwajua.