Kwenda Kuzamia Msimbati kwa Njia ya Tunduru

Tunduru haina bahari. Ina vito, korosho, tembo wanaovuka kwenda na kurudi Niassa, na mto Muhuwesi. Hata hivyo, mgeni anayeshuka kutoka Songea na begi la miwani na mapezi hajapotea njia. Lami hii hii inampeleka Mtwara, kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma.

Panda basi la alfajiri. Utapita Mangaka, Masasi na Ndanda hadi njia panda ya Mnazi Mmoja, ambako kushoto ni Lindi na kulia ni Mtwara. Ni kilomita 400 hivi, kwa hiyo siku hiyo usipange jambo jingine. Lala Mikindani au Mtwara mjini, kesho yake ndipo uende Msimbati, ndani ya hifadhi hiyo, kwa kupitia Madimba penye mitambo ya gesi. Kabla hata ya kukata tiketi, piga simu uhakikishe kuna mwenye mitungi ya hewa na kwamba anafanya kazi msimu huo. Beba cheti chako cha uzamiaji. Kiingilio cha hifadhi ni fedha ya serikali: omba namba ya malipo, lipa kwa simu au benki, dai risiti.

Bahari hutulia wakati wa kaskazi, Novemba hadi Machi. Kusi ikivuma, Juni hadi Agosti, afadhali ubaki Tunduru uangalie vito. Ndani ya kaskazi yenyewe tafuta siku za maji mafu, maana wakati wa bamvua mkondo una nguvu na mgeni huchoka kabla hajaona samaki.

Mvua zikikolea, Ruvuma hushusha maji mekundu na karibu na mlango wake huoni kitu. Sehemu ya udongo huo inatoka huku huku Tunduru. Simama kwenye daraja la Muhuwesi utazame maji: mto huu unaingia Ruvuma, na wachimbaji wamechekecha changarawe yake kutafuta vito tangu miaka ya 1990. Kuna pia mashamba yanayolimwa hadi ukingoni. Tumbawe ni mnyama anayelishwa na mwani mdogo ulio mwilini mwake, na mwani huo hauishi bila mwanga. Tope likitanda, chakula kinakatika. Hifadhi ilianzishwa mwaka 2000 na ina kilomita za mraba 650 hivi, lakini mpaka wake hauzuii udongo wa bara. Kwa maoni yangu, elimu ya matumbawe ingeanzia shule za Tunduru.

Ukiwa chini, usisimame juu ya matumbawe wala usiyashike, hata kwa glavu. Elea, piga mapezi polepole usitimue mchanga. Kasa mwache apite. Kombe na magamba ya kasa usinunue hata ukibembelezwa na watoto. Ukisikia kishindo cha baruti ya wavuvi haramu, panda taratibu pamoja na kiongozi wako, kisha mkatoe taarifa kwa askari wa hifadhi.

Kuna jambo ambalo wazamiaji wengi wa pwani hawalifikirii, nalo linamhusu zaidi anayerudi huku. Wanajua kusubiri saa 18 hadi 24 kabla ya kupanda ndege, lakini basi je? Tunduru iko juu ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, Songea juu ya mita 1,000. Naitrojeni iliyobaki mwilini haijui kama umepandishwa na ndege au na dereva wa basi; hewa ikipungua uzito, hufanya mapovu. Viungo vikiuma au miguu ikifa ganzi ukiwa njiani, hutapata chumba cha kutibia kwa mgandamizo wa hewa Tunduru. Kwa hiyo siku ya mwisho usizamie. Tembea Mikindani, kula samaki, lala, ndipo upande basi.