Ikhlasi na Ubayana wa Maneno

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema.

Jua ya kuwa ikhlasi ni amali ya moyo, na moyo hauonekani. Lakini Mwenyezi Mungu amempa mwanadamu ulimi uwe mjumbe wa moyo. Na mjumbe afichaye ujumbe haaminiwi. Katika Sura Ibrahim, aya ya 4, imebainishwa ya kuwa hakutumwa Mtume ila kwa lugha ya watu wake, apate kuwafahamisha. Naye Nabii Musa (A.S.) aliomba afunguliwe fundo la ulimi ili maneno yake yafahamike. Hakuomba maneno ya fahari, aliomba kufahamika.

Wala si kila asemaye wazi ana ikhlasi, kwani wanafiki pia wana maneno ya kupendeza masikioni. Lakini mwenye kuficha kusudi lake ndani ya maneno, huyo amekwisha kujishuhudia mwenyewe.

Mfano wake ni biashara ya korosho, toka Mikindani hata Msimbati na vijiji vya ukingo wa Ruvuma. Mikorosho ingali katika ua, na chakula kimepungua nyumbani, huja mtu na fedha kwa mkulima, akamwambia: "Pokea msaada huu, tutaelewana wakati wa mavuno." Neno "msaada" ni tamu, na neno "tutaelewana" halina mpaka. Yakifika mavuno, msaada umekuwa deni, na deni hulipwa kwa korosho zilizopimwa kwa kangomba, yaani kipimo cha chombo, si kwa mizani. Mkulima hana la kushika, kwa kuwa hakuna lililosemwa. Serikali imeikataza kangomba, na tangu msimu wa 2007/2008 uko utaratibu wa stakabadhi ghalani. Lakini mwenye njaa hawezi kungoja mnada.

Dini haikumfungia mlango. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakitanguliza fedha kwa tende za mwaka mmoja na miwili. Hakuwakataza, bali aliamrisha kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane. Hiyo ndiyo salam. Na wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wamesharutisha thamani yote itolewe papo hapo katika majilisi. Na kikitajwa chombo ambacho kadiri yake haijulikani, mapatano ni batili.

Basi asiseme mtu, "Nia yangu ni njema." Nia njema haisahihishi mapatano ya gizani. Ikiwa ni sadaka, na aseme sadaka. Ikiwa ni mkopo, na aseme mkopo, asidai zaidi ya alichotoa. Ikiwa ni salam, na ataje kilo, sifa ya korosho, thamani na siku. Na mwenziwe akifahamu Kimakonde zaidi, na aambiwe kwa Kimakonde.

Kisha izingatiwe aya ya 282 ya Sura ya Baqara, ambayo Ibn Abbas (R.A.) ameihusisha na salam. Imeamrishwa ndani yake kuandika, na atakayemsomea mwandishi masharti ni yule mwenye kudaiwa, si tajiri. Katika mapatano haya mwenye kudaiwa ni mkulima. Akiweza kuyataja masharti kwa kinywa chake, ameyafahamu na ameridhika. Asipoweza, na ajue mwenye fedha ya kuwa hajanunua kitu.

Mwenyezi Mungu azipatanishe ndimi za Waislamu na nyoyo zao. Amin.